Mnyororo wa Vielelezo: Ukikatika, Kesi Ife?

Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ikiketi Dodoma, iliamua Rufaa ya Jinai namba 110 ya 2007, na tangu hapo neno "mnyororo" halijatoka midomoni mwa mawakili wa utetezi. Mahakama ilieleza kwamba kielelezo kinapaswa kuwa na kumbukumbu za maandishi zinazofuatana: kilikamatwa lini, nani alikitunza, nani alimkabidhi nani, nani alikichunguza, mpaka kikafika mbele ya hakimu. Sababu ilitajwa waziwazi. Ni kuonyesha kwamba kitu hicho kweli kinahusiana na kosa, wala hakikupandikizwa ili mtu abambikiwe kesi.

Baadaye Mahakama hiyohiyo ikaongeza upande wa pili. Katika Rufaa ya Jinai namba 485 ya 2015 ilisema kuwa si kila mara mnyororo ukikatika kielelezo kitupwe. Pasipo hatari ya kitu kuharibiwa, kuchafuliwa au kuchezewa, mahakama inaweza kukipokea, kwa kutegemea mazingira ya kila kesi. Katika namba 129 ya 2017, iliyohusu meno ya tembo, ikasema hayo ni vitu visivyohama mikono kirahisi, kwa hiyo si rahisi kuyachezea. Zikafuata hukumu zilizokubali kwamba hata karatasi zikikosekana, maelezo ya mdomo ya wale waliokishika kielelezo yanaweza kutosha, mradi yaaminike.

Leo wakili wa utetezi husimama na hukumu ya 2009, wakili wa Serikali husimama na hizo za baadaye, na hakimu wa wilaya huachiwa kazi ya kuchagua. Mvutano huu unagusa kesi nyingi kuliko watu wanavyodhani: dawa za kulevya, ubakaji, ujangili, ajali za barabarani, uchomaji nyumba. Na ukiutazama kwa jicho la maabara, pande zote mbili zinauliza nusu ya swali. Kielelezo kina maadui watatu: kubadilishwa, kuchafuliwa na kuoza. Karatasi za makabidhiano zinamzuia wa kwanza tu. Wawili waliobaki hawaachi alama kwenye rejista.

Tuanze na karatasi, maana ndizo zinazogombaniwa.

Askari anapokamata kitu Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka atoe stakabadhi ya kukamata kitu hicho, yenye saini ya mwenye nyumba au aliyekutwa pale, pamoja na za mashahidi. Kikishaingia mikononi mwa polisi, mwongozo wao wa kazi, PGO namba 229, unataka lebo PF 145 ifungwe kwenye kila kielelezo, nacho kiandikwe kwenye rejista ya vielelezo, PF 16. Kikienda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kinaandamana na fomu ya kuomba uchunguzi, na maabara inakipa namba yake yenyewe. Kwa hiyo kitu kimoja kinaweza kutembea na namba tatu: ya jalada la kesi, ya rejista na ya maabara. Namba moja ikinakiliwa vibaya, tayari kuna vielelezo viwili kwenye makaratasi na kimoja mezani.

Makosa yenyewe ni ya kila siku. Hati ya ukamataji inasema kete 25, fomu ya maabara inasema 24. Rejista inaonyesha kielelezo kilitoka ghalani tarehe 6, maabara imekipokea tarehe 9, na hakuna anayeeleza kililala wapi siku zote hizo. Askari aliyekisafirisha haitwi kutoa ushahidi kwa sababu amehamishwa kituo. Rejista hailetwi mahakamani kabisa. Na kwa bangi kuna tatizo lake la pekee, nalo ni uzito. Majani mabichi yana maji mengi. Yakikaa ghalani wiki mbili yanakauka, na gunia lililopimwa kituoni litasomeka pungufu maabara. Wakili akiuliza kilo zilizopungua zimekwenda wapi, askari ambaye hakuandika "majani mabichi, yamepimwa pamoja na gunia" hana jibu, ingawa huenda hakuna hata jani moja lililoibwa. Uzito ndio unaoamua mtu ashtakiwe kwa kifungu gani na adhabu yake iwe ipi, kwa hiyo si jambo la kupitia juu juu. Apime mbele ya mtuhumiwa, aandike uzito pamoja na kifungashio na bila kifungashio, aeleze hali ya majani, apige picha ya mizani namba zikiwa zinasomeka. Ni kazi ya dakika kumi.

Kufunga bahasha nako kuna namna yake. Mdomo wa bahasha unakunjwa, utepe unapita juu ya maungio yote kutoka ukingo hadi ukingo, kisha aliyefunga anaweka saini na tarehe kwa namna ambayo kalamu inaanzia kwenye karatasi, inavuka utepe, inaishia kwenye karatasi upande wa pili. Utepe ukibanduliwa na kurudishwa, mistari ya saini haikutani tena. Mchunguzi wa maabara hafungui hapo. Anakata upande mwingine wa bahasha, anafanya kazi yake, anafunga alipokata na kuweka saini yake. Kesi ikifika mahakamani miaka miwili baadaye, bahasha ile ina milango miwili, kila mmoja na mwenyewe. Pini za stepla hazifai: zinatoboa matundu yanayovujisha unga, na zinamchoma anayefungua glavu zikiwa mkononi.

Sasa, kwa nini ukali? Hoja ya upande huu ni nzito. Unga wa heroini na unga wa vidonge vilivyosagwa havitofautishwi kwa macho. Kete inabadilishwa kwa muda mfupi kuliko wa kumimina chai. Mtuhumiwa yuko mahabusu, hawezi kulinda ghala, hawezi kupanda basi na askari anayekwenda maabara, hawezi kusimama nyuma ya mchunguzi. Serikali ina askari, ghala, magari, maabara na waendesha mashtaka. Yeye ana zile karatasi tu. Ukimwondolea karatasi kwa kusema "askari ameeleza vizuri kwa mdomo", unamtaka aamini neno la mtu yuleyule anayemtuhumu kwamba ndiye aliyembambikia. Wanaosema ukali huu ni kung'ang'ania ufundi wa kisheria hawajakaa upande ule wa kizimba.

Upande wa kulegeza nao hausemi upuuzi. Maabara ya Mkemia Mkuu ina makao Dar es Salaam na ofisi za kanda, zikiwemo za Mwanza, Arusha, Mbeya, Mtwara na Dodoma, lakini kutoka kituo cha kata cha pembezoni hadi ofisi ya kanda bado ni safari ya mchana au usiku mzima. Vituo vingi havina chumba cha kukaushia nguo zenye damu wala jokofu la sampuli. Kosa la kujaza safu moja ya rejista halithibitishi kwamba kitu kilibadilishwa. Kisha mfikirie aliyebakwa. Hakuoga, hakufua, alikwenda kituoni akapewa PF3, fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, akaenda huko akakubali uchunguzi ambao wenyewe ni mateso. Alifanya kila alichoambiwa. Kisha kesi yake inatikiswa kwa sababu askari asiyemjua hakuandika saa aliyopokea bahasha. Mahakama ya Rufani ilikwishasema tangu 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe, na kwa msingi huo kesi inaweza kusimama hata bila sampuli. Ni kinga nzuri. Ila haimsaidii mtoto mdogo asiyeweza kueleza, wala aliyekuwa hajitambui, na hao ndio wanaohitaji maabara kuliko wote.

Mpaka hapa mjadala ni wa wanasheria, na kama adui angekuwa ni kubadilishwa peke yake, ungeishia hapa. Tatizo ni kwamba sayansi yenyewe imehama.

Seli moja ya binadamu ina vinasaba (DNA) vyenye uzito wa takriban pikogramu 6.6, na pikogramu elfu moja ndizo hufanya nanogramu moja. Vifaa vya maabara vya siku hizi hufanya kazi vizuri na nusu nanogramu hadi nanogramu moja, yaani seli kati ya 75 na 150 hivi. Huo ni mguso wa kidole, au tone la mate ambalo mtu hakujua limemtoka akizungumza. Mwanasayansi Alec Jeffreys alipogundua mbinu ya kumtambua mtu kwa vinasaba, Leicester, Uingereza, mwaka 1984, alihitaji doa la damu linaloonekana. Leo kinachotosha hakionekani, na kwa sababu hiyohiyo uchafu unaotosha kuharibu nao hauonekani.

Mfano unaopaswa kufundishwa katika kila chuo cha polisi ni wa Ujerumani. Vinasaba vya mwanamke mmoja asiyejulikana vilipatikana katika matukio takriban 40 ya Ujerumani, Austria na Ufaransa, ya kuanzia 1993, yakiwemo mauaji ya askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Wizi mdogo, mauaji, uvunjaji wa nyumba: mwanamke yuleyule. Wapelelezi walimsaka kwa miaka. Mwaka 2009 vinasaba vyake vikatokea tena kwenye karatasi ya alama za vidole ya mwanamume, pale walipokuwa wakijaribu kutambua mwili ulioungua. Hapo ndipo ilipobainika kwamba mwanamke huyo hakuwahi kufika katika eneo lolote la tukio. Alikuwa mfanyakazi aliyeshughulika na vijiti vya pamba ambavyo polisi walivitumia kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, ndiyo, maana yake viini vya magonjwa vilikufa. Lakini kuua kiini hakuondoi vinasaba. Mwaka 2016 kikatolewa kiwango cha kimataifa, ISO 18385, kwa ajili ya vifaa visivyo na vinasaba vya binadamu, na tofauti kati ya "safi" na "bila vinasaba" ikawa na maandishi yake.

Tazama kilichotokea pale: hata makabidhiano yote yangekuwa yameandikwa, na hakuna aliyepandikiza chochote, kosa lisingeonekana. Mnyororo ungekuwa mzima, na jibu lingebaki uongo.

Melbourne, Australia, kijana wa Kisomali alihukumiwa mwaka 2008 kwa kumbaka mwanamke aliyekutwa amezimia katika chumba cha klabu ya usiku. Ushahidi dhidi yake ulikuwa vinasaba peke yake. Hakuna aliyemwona klabuni, na familia yake ilieleza kwamba usiku ule alikuwa nyumbani. Desemba 2009 hukumu ikafutwa. Ilionekana kwamba siku moja hivi kabla, katika chumba kilekile cha uchunguzi, daktari yuleyule alikuwa amechukua sampuli kwa mwanamke mwingine ambaye kijana huyo alikuwa amekutana naye. Kiasi kidogo kilihama kutoka uchunguzi wa kwanza kwenda wa pili. Aliyefuata mnyororo wa karatasi hangekuta kasoro hata moja, kwa sababu kasoro ilikuwa kwenye chumba.

Kwa hiyo anayedai karatasi kamili akidhani amepata ukweli amejidanganya. Na anayesema "hakuna dalili kwamba kielelezo kilichezewa, tukipokee" naye amejidanganya, maana katika kesi zote mbili hakuna aliyechezea kitu.

Kinga dhidi ya uchafu iko kwenye mikono, hasa katika saa ya kwanza. Askari wa kwanza kufika anafunga eneo kwa utepe, anaweka mpaka mkubwa kuliko anaodhani unatosha (kupunguza baadaye ni rahisi, kuongeza hakuna maana watu wakishakanyaga), anachagua njia moja ya kuingilia na kutokea, anaandika kila anayepita na saa yake. Viongozi wanaofika kutazama wasiruhusiwe kuvuka bila kazi. Hili ni gumu kwa konstebo, lakini nyayo za mkubwa nazo ni nyayo. Picha zinatangulia kabla ya mkono wowote: ya mbali inayoonyesha eneo zima, ya kati inayoonyesha kitu na majirani zake, ya karibu ikiwa na rula pembeni. Halafu mchoro wenye vipimo kutoka sehemu mbili zisizohama, mfano kona ya ukuta na nguzo ya umeme, maana picha haisemi umbali.

Doa la damu lililokauka ukutani linachukuliwa kwa vijiti viwili. Cha kwanza kinaloweshwa kwa tone moja au mawili ya maji ya sindano, kinazungushwa juu ya doa taratibu ili damu ikusanyike kwenye ncha. Cha pili ni kikavu, kinapita palepale kunyonya unyevu ulioachwa na cha kwanza. Maji yakizidi, damu inasambaa kwenye pamba yote na kiasi kinachobaki kwenye ncha kinapungua. Kisha kinafuata kijiti ambacho wengi hukiruka: cha tatu, kinachosuguliwa kwenye ukuta huohuo mahali pasipo na doa. Maabara ikikuta vinasaba vya mtu fulani kwenye doa na pia kwenye ukuta mtupu, inajua kwamba huenda vilikuwepo kabla ya tukio. Bila kijiti hicho, swali la wakili "mnajuaje havikuwepo tangu mwanzo?" halina jibu. Na kijiti cha nne kisichogusa kitu, kutoka pakiti ileile, kingewaokoa wapelelezi wa Ujerumani miaka mingi ya kumfukuza kivuli.

Glavu zinabadilishwa kila kielelezo. Askari mwenye jozi moja mchana kutwa analinda mikono yake, halindi ushahidi. Kila kitu na bahasha yake. Na mwathirika na mtuhumiwa wasipite kwenye gari moja, kwenye benchi moja, wala mikononi mwa askari mmoja. Kituo chenye gari moja kina shida ya kweli hapa, nami sidhani kuna haki ya kumlaumu mkuu wa kituo kwa gari ambalo hakupewa. Lakini nyuzi za khanga ya mwathirika zikipatikana kwenye suruali ya mtuhumiwa, na wote walikalia kiti kilekile, nyuzi hizo hazithibitishi chochote. Angalau iandikwe kwamba walipandishwa gari moja, mahakama ijue.

Adui wa tatu, kuoza, ndiye mwenye nguvu zaidi kwetu kwa sababu ya joto na unyevu. Chukua khanga iliyolowa damu. Kuitia kwenye rambo, yaani mfuko wa plastiki, kunaonekana ni uangalifu: haivuji, haichafui gari. Ndani ya mfuko ule unyevu hauna pa kutokea. Kwa joto la Tanga au Mombasa, baada ya siku moja bakteria wamezaliana, baada ya siku chache kuna ukungu wa kijani kwenye mikunjo, na nyuzi za vinasaba zimekatwakatwa kuwa vipande vifupi visivyotoa matokeo. Mchunguzi akifungua, harufu inamtangulia jibu. Khanga hiyo ilitakiwa kutandazwa au kutundikwa kivulini juu ya karatasi safi, mbali na jua na mbali na feni, mpaka ikauke kabisa, jambo ambalo pwani linaweza kuchukua zaidi ya siku. Karatasi ya chini haitupwi, inafungwa pia kwa sababu huenda imedondokewa na unywele. Kisha khanga inakunjwa na karatasi safi katikati ya mikunjo ili doa la upande mmoja lisijihamishie upande mwingine, na inaingia kwenye mfuko wa kaki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017 na Tanzania 2019. Kwa vielelezo vya damu, kile kilichofanywa kwa ajili ya mazingira kilikuwa pia sayansi nzuri.

Ila usigeuze hilo kuwa amri ya kila kitu. Mabaki ya moto yanayoshukiwa kumwagiwa petroli yanataka kinyume chake: kopo la bati linalobana, lisijazwe mpaka juu, liachiwe nafasi ambayo mvuke utajikusanya, kwa sababu maabara huchunguza mvuke huo. Kwenye mfuko wa kaki petroli itakuwa imekwisha kabla ya kufika maabara, na mfuko wa plastiki wa kawaida unaipitisha taratibu. Damu ya dereva inayopimwa kilevi nayo ina sharti lake: chupa yenye sodiamu floraidi, zile za kifuniko cha kijivu, na ngozi isifutwe kwa spiriti kabla ya sindano. Pasipo dawa hiyo, viini vinaweza kutengeneza kilevi ndani ya chupa, na mtu akaonekana kuwa na kilevi ambacho hakukinywa. Karatasi za makabidhiano hapo zinaweza kuwa kamili kuliko za Benki Kuu.

Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, inaonyesha upande wa tatu ambao mvutano wa mawakili huusahau. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400, ya wafuasi wa mhubiri mmoja, ilifukuliwa msituni. Mingi ilikuwa imeharibika kiasi kwamba utambuzi ulitegemea kulinganisha vinasaba vya marehemu na vya ndugu waliojitokeza, na familia za kwanza zilikabidhiwa miili yao Machi 2024. Katika kazi kama ile namba ya kaburi, namba ya mfuko, namba ya mwili na namba ya sampuli ni kamba moja. Ikikatika, mama anamzika mtoto wa mwingine. Katika utambuzi huo hakuna mshtakiwa wa kumpa faida ya shaka, wala hakimu wa kupima mazingira. Usahihi ni deni kwa wafiwa.

Turudi kwenye meno ya tembo, maana yamekuwa mfano unaotumiwa kuhalalisha vitu visivyofanana nayo. Kama hoja ya kubadilishwa, Mahakama ilikuwa na sababu nzuri: jino ni kubwa, lina mkunjo, ufa na rangi yake, na wa kulibadilisha angehitaji jino jingine. Hilo ni kweli zaidi ikiwa liliandikwa namba kwa kalamu isiyofutika pale pale lilipokamatwa, likapimwa urefu na uzito, likapigwa picha. Lakini jino hilohilo lina kazi nyingine siku hizi. Samuel Wasser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha mwaka 2015, kwa vinasaba vya shehena kubwa zilizokamatwa, kwamba pembe nyingi zilitoka maeneo machache, mojawapo likiwa kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kwa uchunguzi huo jino halisafiri zima. Kinakatwa kipande kidogo, kinagandishwa kwa naitrojeni kimiminika na kusagwa kuwa unga. Jino haliwezi kubadilishwa kirahisi, kipande kinaweza. Kuanzia msumeno ulipopita, kielelezo kimehama kundi, kimekuwa ndugu wa kete ya unga, na kinastahili ukali uleule wa karatasi.

Simu ni mtego wa aina hiyo. Ina namba ya IMEI, utambulisho wake wa pekee, kwa hiyo inaonekana kama jino la tembo: huwezi kuibadilisha bila kujulikana. Lakini ikiachwa ghalani ikiwa imewaka na ina mtandao, inapokea ujumbe, inafuta ya zamani, na mwenyewe au rafiki yake anaweza kuifuta yote akiwa mbali. Inatakiwa kukatwa mtandao mara moja, inakiliwe, na nakala ipewe alama ya hesabu ambayo herufi moja ikibadilika nayo inabadilika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotunzwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Hakimu anayesema "simu ni ileile" amejibu swali la kasha, bado la yaliyomo.

Kwa haya yote, naona kipimo cha kulegeza kiliwekwa sawasawa mwaka ule wa rufaa ya 485. Maneno yake yalitaja kuharibiwa, kuchafuliwa na kuchezewa, mambo matatu. Kosa ni la watumiaji wanaosoma neno la mwisho tu. Mwendesha mashtaka anayetaka kulegezewa kwa sampuli ya ukeni au doa la damu anapaswa kuonyesha kwamba hatari zile mbili za kwanza hazikuwepo, na hilo halithibitiki kwa askari kusema "nilikitunza vizuri". Linathibitika kwa kijiti cha ukuta mtupu, kwa maelezo ya glavu, kwa saa ya kukausha. Asipokuwa nayo, abaki na ushahidi wa mwathirika na mashahidi wengine, ambao unaweza kabisa kutosha, kuliko kuuegemeza kwenye sampuli inayoyumba na kuuangusha nao. Upande wa utetezi nao, ukishakuta tarehe mbili zisizolingana, ueleze tarehe hizo zinahatarisha nini kwa kitu hicho. Kwa kete, zinahatarisha kila kitu. Kwa jino lenye namba na picha, pengine hakuna.

Kuna jambo moja dogo ambalo lingewasaidia wote. Mtu wa kwanza kukiona kielelezo baada ya polisi, na ambaye hakushiriki kumkamata mtu, ni mpokeaji wa sampuli maabara. Anachokiona mezani kabla ya kufungua kina thamani kubwa: utepe umekamilika au umebanduliwa, saini inavuka au haivuki, bahasha ni kavu au ina unyevu, vimeletwa vielelezo vingapi, vinalingana na fomu au la, kuna ukungu, kuna harufu. Hayo yaingie kwenye ripoti inayokwenda mahakamani, juu kabisa, kabla ya matokeo, pamoja na picha ya bahasha pande zote mbili. Khanga ikifika imelowa ndani ya rambo, iandikwe hivyo, na mwendesha mashtaka aisome kabla hajaamua kumfikisha mtu mahakamani.